Mshumaa Usio na Nta

Lugha ya Kiswahili haikupungukiwa na majina ya vitu vinatavyo, viyeyukavyo na vigandavyo. Nta ni kitu akitoacho nyuki tumboni mwake akajengea masega. Ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege. Sandarusi hutoka mtini, au huchimbwa ardhini ilikozikwa na karne. Deheni hupakwa chombo ubavuni ili maji yasipenye. Lakiri hutiwa juu ya barua na vifurushi ili mhuri upigwe juu yake. Jina hili la mwisho lilitoka kwa Wareno, na ndani yake mna jambo la kuangaliwa. Watu wa pwani walipoonyeshwa kitu kile kigeni, kilichoyeyuka kwa moto na kuganda kwa baridi sawasawa na nta, hawakukiita nta. Walijua nta ni nini. Walikipokea kitu pamoja na jina lake, wakalilainisha jina mpaka likakubali kutamkwa, na tangu hapo karani wa forodhani hakuwa na sababu ya kuvichanganya viwili hivi katika daftari lake.

Uangalifu huo sasa umelegea. Katika semina za ujasiriamali, ambazo hufanyika mjini na shamba, katika kumbi za kata, za makanisa na za vyama vya akina mama, mafunzo yapendwayo kuliko yote ni matatu: sabuni, batiki na mishumaa. Kijikaratasi cha mafunzo ya mishumaa aghalabu huanza na agizo la kuyeyusha nta. Mwanafunzi hutii. Walakini kitu kilichomo sufuriani mwake hakikupata kuonwa na nyuki hata mmoja. Ni parafini, zao la mafuta yachimbwayo chini ya ardhi, ndugu wa mafuta ya taa na wa lami ya barabarani. Kitu cheupe, kisicho harufu, kiletwacho kutoka ng'ambo kwa meli na kuuzwa dukani kwa kilo. Ama nta yenyewe, mwenye jina lake tangu kale, imelazimishwa kutembea na kitambulisho: siku hizi huitwa nta ya nyuki, kana kwamba iko nta ya mtu mwingine. Mwenye nyumba amegeuzwa mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wako wasemao kuwa lugha ni mto, na mto haurudi nyuma. Watasema pia kuwa neno mshumaa lilitoka katika Kiarabu, na kwamba asili yake huko ni nta. Basi kama Mswahili aliweza kuita mshumaa kitu kilichofanywa kwa shahamu ya ng'ombe, kwa nini asiite nta kitu kilichofanywa kwa mafuta ya visimani? Hoja hii ina sura nzuri, na mwenye kuitoa anastahili jibu. Maneno husafiri. Kandili na fanusi yalipita katika ndimi za Wayunani na Waarabu kabla ya kutundikwa barazani Unguja, wala hayakuharibika. Mshumaa ni jina la umbo na kazi: kitu kigumu chenye utambi katikati, kiwakacho na kuyeyuka. Kiwe cha nta, cha shahamu au cha parafini, umbo ni lile na kazi ni ile, na jina halidanganyi mtu. Nta ni jina la mali. Huuzwa kwa uzito, hupimwa, huchunguzwa, hughushiwa. Jina la mali likipewa kitu kingine, hapo yuko anayepata na yuko anayepotewa, na wanachuoni wa lugha wakinyamaza kwa kisingizio cha mto, watakuwa wamemshikia mizani muuzaji.

Waingereza, ambao leo parafini yao hutajwa kama ndiyo njia ya pekee, walilijua jambo hili vizuri. Katika mji wa London walikuwako mafundi wa mishumaa wa vyama viwili mbalimbali. Chama cha mafundi wa shahamu kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1462, na chama cha mafundi wa nta mwaka 1484. Umbo lilikuwa moja, mwanga ulikuwa mmoja, lakini mali mbili zilitaka vyama viwili, na mojawapo ya kazi za chama cha nta ilikuwa kulinda kwamba kitu kiuzwacho kwa jina la nta ni nta kweli.

Aliyetoa hoja ya lugha aweza kusema kuwa hayo ni mambo ya wafanyabiashara, na kwamba mama wa semina hajali jina maadamu anapata riziki. Basi na itazamwe hiyo riziki.

Ufundi wa nyumbani ni nini? Mtu akiulizwa ghafula atajibu kuwa ni kazi ifanywayo nyumbani kwa mkono. Jibu hilo ndilo lililowapoteza wafadhili wengi. Kushona vifungo vya shati la kiwanda ni kazi ifanyikayo nyumbani kwa mkono, wala haimfanyi mshonaji kuwa fundi wa nguo. Humfanya kibarua ambaye tajiri wake hamjengei hata kibanda cha kufanyia kazi. Alama ya ufundi wa nyumbani ni mali unayoanzia. Mfinyanzi ana udongo wake, msusi wa mikeka ana ukindu wake, mpika sabuni wa zamani alikuwa na majivu na mafuta yake. Mali hiyo hutoka karibu, kwa jasho zaidi kuliko kwa fedha, na hapo ndipo faida yake ilipo.

Mfano ulio wazi kupita yote umeandikwa na kasisi mmoja wa Uingereza, Gilbert White, wa kijiji cha Selborne katika jimbo la Hampshire. Katika barua ya mwaka 1775, iliyochapishwa ndani ya kitabu chake cha mwaka 1789, alieleza jinsi watu wa kijiji chake walivyojifanyizia taa kwa majani membamba ya kinamasi. Wazee, wanawake na watoto waliyakata majani hayo wakati wa kiangazi, wakayaambua ganda na kuacha ukanda mmoja tu wa kushikilia kiini cheupe kilicho ndani, wakayalaza nje usiku yapate umande, wakayaanika juani, kisha wakayachovya katika shahamu ya moto iliyoenguliwa katika chungu cha nyama ya nguruwe. White alikuwa mtu wa hesabu. Alihesabu majani zaidi ya 1,600 katika ratili moja. Alipima jani moja zuri akaona liliwaka saa moja kasoro dakika 3. Akakadiria kuwa ratili hiyo, ikinyonya ratili 6 za shahamu, humpa maskini saa 800 za mwanga kwa shilingi 3 tu, yaani saa tano na nusu kwa kila robo ya peni. Akaongeza kuwa mwenye nyuki akitia nta kidogo katika shahamu, taa itakuwa safi zaidi na itadumu zaidi.

Hesabu hiyo yafaa ikaririwe mbele ya kila mwalimu wa semina. Urahisi wa mwanga ule ulitoka wapi? Ulitoka kinamasini na jikoni. Majani hayakununuliwa isipokuwa kwa kazi ya kuyaokota, na shahamu ilikuwa takataka ya chakula kilichokwisha kuliwa. Ondoa vitu hivyo viwili, uweke mahali pake mali ya dukani, na hesabu yote ya White itaanguka.

Kuna jambo jingine katika barua ile, nalo halimpi White sifa. Aliwalaumu mafukara wa kijijini kwa kununua kila jioni mshumaa wa nusu peni uliowapa saa 2 za mwanga, hali kwa fedha ile ile wangaliweza kupata saa 11. Akasema kuwa watu wa namna hiyo hawajui kutunza mali, na ndiyo sababu ya ufukara wao. Lawama hii imesafiri mbali na haijazeeka. Bado husikika katika hotuba za ufunguzi wa semina, mgeni rasmi awaambiapo akina mama kuwa umaskini wao ni uvivu wa fikira. Asiye na nguruwe hana shahamu ya kuengua. Mwenye nusu peni jioni hana shilingi 2 za ratili 6 za shahamu asubuhi. Fukara wa Selborne hakukosa akili ya hesabu. Alikosa mtaji na chungu, na White, aliyehesabu majani moja moja, hakulihesabu hilo.

Nguvu ya mshumaa wa jikoni yaweza kupimwa kwa hofu ya serikali. Mwaka 1709 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kodi ya mishumaa, na ndani yake lilipiga marufuku mtu kujifanyizia mishumaa nyumbani kwake asipokuwa na leseni na asipolipa kodi. Taa za majani, zile zilizochovywa mara moja tu, ziliachwa kwa huruma ya maskini, au kwa sababu hapakuwa na askari wa kutosha kupekua kila banda. Kodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1831. Hapana serikali ijitaabishayo miaka zaidi ya 120 kuwakataza watu jambo lisilo na maana. Walikatazwa kwa kuwa waliweza: mali ilikuwa yao.

Yaliyofuata yaelezwe kwa ufupi, maana yamo katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1825 Mfaransa Chevreul, pamoja na Gay-Lussac, walipata hataza ya kufanya mishumaa kwa tindikali ya stearini, iliyotengwa na shahamu; mwaka ule ule Cambacérès alileta utambi wa kusukwa, ambao hujipinda ndani ya mwali na kuteketea wenyewe, ukaondoa kazi ya kukata utambi kila mara. Mwaka 1834 Joseph Morgan alitengeneza mashine iliyoweza kufyatua mishumaa yapata 1,500 kwa saa moja. Mwaka 1850 James Young alipata hataza ya kupata parafini kwa kukereka makaa ya mawe, na mafuta ya visimani yalipoanza kuchimbwa kwa wingi, parafini ikawa rahisi kupita mali zote. Mshumaa ulihama jikoni ukaenda kiwandani.

Kwa hiyo mama akaaye leo juu ya kigoda na kumimina parafini katika kalibu za plastiki anashindana na mashine ya mwaka 1834, tena iliyoboreshwa tangu hapo kwa karibu karne mbili. Na ashindane kwa nini? Kilo moja ya parafini hutoa kilo moja ya mishumaa, na pungufu kidogo kwa kile kilichomwagika. Hakikuongezeka kitu ila utambi, rangi, na stearini ya kukazia, navyo vyote vimenunuliwa. Yeye hununua bamba lake kwa rejareja, na mwenye kiwanda hununua kwa tani. Yeye hulipa nauli ya kwenda mjini kuleta mali na nauli ya kwenda sokoni kuuza. Mshumaa wake mweupe huwekwa juu ya rafu ile ile ya duka pamoja na mshumaa mweupe wa kiwanda, na mnunuzi, ambaye umeme umekatika nyumbani kwake na watoto wanalia gizani, hachagui kwa huruma. Huchagua kwa bei. Mama huyu ameshindwa kabla ya kuwasha moto. Kilichobaki kuwa chake katika kazi nzima ni mkono wake, na mkono huo ndio anaoupunguzia bei ili apate kuuza.

Yuko mtu apataye, naye ni muuzaji wa mabamba. Si ajabu kuona kuwa mara nyingi mwalimu wa semina na muuzaji wa mali ni mtu mmoja, au ni ndugu, au wana mapatano. Mwisho wa mafunzo hutolewa cheti kwa mkono wa kulia na orodha ya bei kwa mkono wa kushoto. Biashara haigombi, na mtu halaumiwi kwa kuuza. Hulaumiwa kwa kuuza mali ya dukani kwa jina la ukombozi, na kwa kuiita nta.

Na hali hiyo hutokea katika nchi gani? Hutokea Tanzania, mojawapo ya nchi za Afrika zinazojulikana sana kwa nta. Misitu ya miombo ya Tabora, Sikonge, Urambo, Mlele na Manyoni imekuwa ikilisha nyuki tangu kabla ya kuandikwa kwa tarehe. Zamani za Wajerumani nta ilikuwa katika bidhaa zilizoteremshwa pwani na kupakiwa melini pamoja na mpira na pembe. Tabora kiko chuo cha ufugaji wa nyuki. Iko Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998, na iko Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Nta ya nchi hii hununuliwa Ujerumani na Japani, ambako hutiwa katika vipodozi, katika dawa za kung'arisha mbao, na katika mishumaa. Msomaji na aliangalie neno hili la mwisho. Mabonge ya nta huvuka bahari yakaenda kufanywa mishumaa kwa watu wa mbali, na parafini huvuka bahari ikaja kufanywa mishumaa hapa. Meli mbili zapishana njiani, na mama wa Sikonge hupanda basi kwenda kununua ile ya pili.

Wala si nta yote ifikayo melini. Mzinga wa gogo au wa gome, tofauti na mzinga wa fremu ambao masega yake hurudishwa, hukatwa sega lote, na kwa hiyo hutoa nta nyingi: kwa kukadiria, sehemu moja kwa kila sehemu kumi za asali. Kitu hicho kimegharimu. Wataalamu hukadiria kuwa nyuki hula asali kilo 6 hata 8 ili kutoa kilo moja ya nta, kwa tezi nane ndogo zilizo chini ya tumbo la kila nyuki wa kazi. Basi sega likishakamuliwa, au likishavurugwa katika maji ili ipikwe wanzuki, mabaki yake yamekuwaje? Palipo na mnunuzi wa nta, hukusanywa. Pasipo na mnunuzi, mahali pengi hutupwa nyuma ya nyumba, yakaliwa na nondo. Methali yasema fuata nyuki ule asali, na waliofuata wamekula. Lakini methali haikumwamuru mtu kutupa nyumba ya nyuki baada ya kula chakula chake. (Ni kweli pia kuwa mzinga wa gome huua mti, maana gome huambuliwa kuuzunguka mti mzima. Hilo ni kosa la mzinga, na wafugaji wengi wameanza kuuacha. Nta haina hatia.)

Watetezi wa parafini wana hoja moja ya kweli, nayo haifai kufichwa. Nta ni ngumu kufundishika. Hung'ang'ania kalibu na kukataa kutoka, hali parafini hunywea ikipoa na kuchomoka bila ugomvi. Mwalimu wa parafini aweza kumaliza somo kwa alasiri moja, wanafunzi wakarudi nyumbani kila mmoja na mshumaa wake wa rangi ya waridi, picha zikapigwa, na mfadhili akaandikiwa taarifa. Nta haikubali haraka hiyo. Kwanza yataka kusafishwa: mabaki ya masega hutiwa katika mfuko wa kitambaa, yakachemshwa polepole ndani ya maji, bora ya mvua, kwa kuwa maji magumu huivuruga, nta hupenya ikaelea juu, uchafu ukabaki mfukoni, ikiachwa ipoe taratibu huganda bonge moja la rangi ya manjano. Sufuria ya alumini yafaa. Ya chuma au ya shaba huigeuza rangi. Kisha huyeyushwa tena, chombo ndani ya chombo chenye maji, kamwe si juu ya moto mtupu, maana huyeyuka kwa nyuzi 62 hata 64 tu za Selsiasi, na ikipita 85 hufifia na kuharibika, na ikizidi sana hushika moto. Mafundi wa kale wa Ulaya waliikwepa kalibu: waliitundika tambi wakaimiminia nta kwa upawa, kisha wakauviringisha mshumaa juu ya ubao, au waliichovya na kuitoa, mara 20 hata 30, kila mara wakingoja tabaka la kwanza lipoe. Utambi wapaswa kuwa wa pamba, wa kusukwa, mnene kuliko ule wa parafini, kwa sababu nta iliyoyeyuka ni nzito kuupanda. Uzi wa nailoni haufai kabisa.

Hiyo ni kazi ya siku nyingi za kujifunza, na ndiyo maana ina thamani. Ugumu ule ule umchoshao mwalimu wa semina ndio ukuta umlindao fundi. Kila mtu awezaye kumimina uji aweza kumimina parafini, na kwa hiyo kila mtu ni mshindani wake. Nta iliyochovywa na mkono uliozoea, yenye harufu ya asali na rangi ya jua la magharibi, haina mshindani juu ya rafu ya duka la mtaani, maana haiuzwi pale. Mnunuzi wake ni mwingine: kanisa, hoteli, arusi, mgeni anayetafuta kitu cha kuchukua kwao. Kanisa Katoliki kwa karne nyingi lilitaka nta katika mishumaa ya altare. Mwaka 1904 Roma iliamua kuwa mshumaa wa Pasaka, na ile miwili ya Misa, sehemu yake iliyo kubwa zaidi iwe nta ya nyuki. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, lakini desturi haikufa, na parokia za Tabora zimezungukwa na misitu ya nyuki pande zote.

Yasemwa kuwa nta ni ghali. Ni ghali kwa nani? Kwa mtu wa Dar es Salaam aendaye kuinunua kwa mchuuzi wa tatu, ni ghali. Kwa mke wa mfuga nyuki ambaye mabaki ya masega yamo ndani ya debe nyuma ya nyumba yake, ni rahisi kama majani ya kinamasi yalivyokuwa kwa watu wa Selborne. Semina za mishumaa zingefanyika huko, kwa watu hao, zingekuwa na maana. Zifanyikapo Kariakoo kwa watu wasio na mzinga wala dumu la asali, ni maduka yenye mahudhurio.

Wengine husema kuwa zama za mshumaa zimepita: umeme umefika vijijini, na taa ya jua hutoa mwanga mwema zaidi bila kuhatarisha nyumba. Wamesema kweli, na wangeyasema hayo semina za parafini zingalifungwa zamani, kwa kuwa hizo ndizo zenye kujenga tumaini lao juu ya giza. Hapana mwenye akili atakayemtaka mwanafunzi asomee mshumaa mahali palipo na taa ya jua, wala atakayesifu mwali wa wazi karibu na chandarua. Lakini kufa kwa mshumaa wa giza hakuui mshumaa wa sherehe. Ulaya na Marekani kuna umeme kila chumba, na mishumaa huuzwa huko kwa fedha nyingi. Uliokufa ni mshumaa wa rahisi, ambao mama wa semina amefundishwa kuufanya. Unaoishi ni ule ambao hakufundishwa.

Haki huwahusu pia watetezi wa nta, maana nao wana uongo wao. Wako wauzaji wa ng'ambo wadaio kuwa mshumaa wa nta husafisha hewa ya chumba na kuponya kifua. Hapana ushahidi wa maana wa jambo hilo. Mshumaa ni moto, na moto hutoa moshi, wa nta kama wa shahamu. Nta haihitaji kusifiwa kwa sifa isiyo yake. Kitu kizuri hujiuza.

Yabaki ya chuo kikuu. Vijikaratasi vya semina haviandikwi na nyuki. Mara nyingi huandikwa na watu waliopitia madarasa ya vyuo, wakatafsiri neno kwa neno kutoka katika vitabu vya Kiingereza, lugha ambayo neno lake moja hufunika nta, parafini, na hata lakiri. Mtafsiri mvivu amelipokea fungu hilo kama lilivyo na kulitupa juu ya Kiswahili, lugha iliyokuwa imekwisha kuvitenga vitu hivyo vitatu. Kisha kamusi mpya hutungwa, na mtungaji, akitafuta matumizi ya sasa, huvikuta vijikaratasi hivyo, akaandika kuwa nta ni ya namna mbili. Hivyo kosa la duka hupata hati ya kusafiria. Parafini ina jina lake, nalo limekwisha kuingia katika Kiswahili bila taabu, kama lakiri ilivyoingia. Kijikaratasi kikisema yeyusha parafini, mwanafunzi wa Sikonge atauliza mara moja: parafini ni nini, yatoka wapi, na kwa nini isitumiwe nta, ambayo iko nyuma ya nyumba? Swali hilo mwalimu wa semina hajapata kuulizwa, kwa sababu jina limelijibu kabla halijatoka kinywani.